Kurekebisha kipimaumbali cha Zorki-4 nyumbani

Kamera ninayoitumia ni ya ami yangu, Zorki-4, kamera ya filamu ya Kisovieti. Namba yake inaanza na 66, na kwa kamera hizi za kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Ami alikuwa masomoni huko, akarudi nayo Unguja mwaka uliofuata.

Miaka minne niliipigia picha za mchana, Darajani na bandarini, tundu la lenzi likiwa dogo, f/8 au f/11, na zote zilitoka safi. Ikaja harusi ya binti wa dada yangu. Usiku, taa chache, lenzi ya Jupiter-8 nimeifungua mpaka f/2. Filamu iliposafishwa, nakshi za pazia nyuma ya bibi harusi zilionekana uzi kwa uzi, na macho yake yamefunikwa na ukungu. Roli nzima ilikuwa hivyo. Fundi mmoja akaniambia lenzi imekufa, nitafute nyingine. Lenzi ilikuwa nzima kabisa. Kilichopotoka ni kipimaumbali, yaani kile kifaa cha ndani ya kamera kinachokuonyesha kama umefokasi, na jua letu ndilo lililonifichia kosa muda wote ule. Kwa f/8, ukifokasi mita 10, kila kitu kuanzia kama mita 5 hadi upeo wa macho kinakubalika. Kwa f/2, ukimfokasi mtu aliye mita moja, eneo lililo kali halizidi sentimita 5, mbele na nyuma kwa pamoja. Hapo kosa dogo halina pa kujificha.

Ukitazama ndani ya kamera hii unaona taswira mbili katikati: moja ya kidirisha kikubwa, nyingine, hafifu, ya kidirisha kidogo cha duara kilicho milimita 38 pembeni yake. Unapozungusha lenzi, mgongo wake unasukuma mkono mdogo ulio ndani ya tundu la kufungia lenzi, na mkono huo ndio unaosogeza taswira hafifu. Zikikutana, umefokasi. Baada ya miaka hamsini na kitu ya kuangushwa na kutikiswa ndani ya mikoba, zinakutana mahali pasipo pake.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha lenzi imekazwa mpaka mwisho. Angalia pia kijiti kidogo kilicho chini ya kitufe cha kurudishia filamu. Hicho ni cha kurekebisha macho, na kikisogezwa bila kukusudia kila kitu kinaonekana na ukungu, mtu akadhani kamera imeharibika. Kisogeze mpaka uone vizuri. Na kama wewe ni mgeni wa kamera hii, shika neno moja: usiguse gurudumu la kasi kabla hujavuta shata, lile pazia la ndani linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Ukilizungusha shata haijavutwa, utaongeza ubovu juu ya ubovu.

Toa filamu. Panda mahali pa juu penye kitu cha mbali chenye mistari iliyonyooka, nusu kilomita au zaidi. Mimi nilipanda paa la nyumba yetu Malindi, nikaelekeza kamera kwenye majumba ya Michenzani, yale waliyotusaidia kujenga Wajerumani wa Mashariki. Kona za majengo zinakupa mistari ya wima, roshani zinakupa ya ulalo, na unaihitaji yote miwili. Usiku, mwezi mpevu unafaa vilevile. Nilikalisha kamera juu ya mfuko wa mchele wa kilo 2, maana ukiishika mkononi hutajua kinachotikisika ni taswira au ni wewe.

Zungusha lenzi mpaka igote kwenye nane iliyolala, alama ya mbali kusiko na mwisho, kisha tazama. Kwangu, kila ukingo wa jengo ulikuwa na kivuli upande wa kulia, tena kimepanda juu kidogo. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, la pembeni na la wima. Kama taswira ya pili ni hafifu mno, bandika kipande cha karatasi ya pipi, ile ya rangi inayopitisha mwanga, mbele ya kidirisha kikubwa. Taswira moja itakuwa na rangi na nyingine haina, na jicho litazitenganisha bila taabu.

Anza na wima. Kidirisha cha duara kina pete ya chuma inayofunguka kwa kuzungushwa. Usiishike kwa koleo. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kibane juu ya pete kwa kidole gumba, kisha zungusha polepole kinyume cha saa. Yangu ilichukua dakika kumi kukubali. Chini yake kuna kioo kingine ndani ya kishikio chake, na kioo hicho ni kinene upande mmoja kuliko mwingine. Ukikizungusha, taswira ya pili inasafiri kwa mduara, yaani unaposhusha wima unasogeza na pembeni pia. Usihangaike na hilo la pili. Simama roshani zikishakuwa mstari mmoja.

Sasa pembeni. Uso wa mbele, jirani na vidirisha, kuna skrubu ndogo ambayo kazi yake ni kuziba tundu tu. Tandika kitambaa cheupe chini, uifungue kwa bisibisi ya fundi saa inayojaa vizuri kwenye mfuo wake, maana chuma chake ni laini na bisibisi nyembamba itakikwangua. Ndani ya tundu hilo kuna skrubu nyingine, na hiyo ndiyo yenyewe. Izungushe sehemu ya nane ya mzunguko, utazame, uizungushe tena. Kama taswira zinaachana, geuza upande. Mimi nilikuwa nikiingiza bisibisi kwa mkono wa kushoto huku jicho liko nyuma ya kamera, na kona ya jengo ikawa inatembea nyembamba kama unywele mpaka ikaingia ndani ya mwenzake. Rudi kwenye wima, kisha pembeni tena. Mara tatu zilinitosha.

Wengi huishia hapo, na wanakosea. Umbali wa mbali ukiwa sahihi, wa karibu unaweza kuwa bado. Toa mlango wa nyuma. Chukua selotepu ile yenye ukungu, siyo ya kung'aa, uipitishe juu ya reli mbili za ndani, zile filamu inapolala, upande wa gundi ukitazama nyuma ili gundi isiguse reli, kisha uibane miisho yote miwili mpaka inyooke kabisa. Vuta shata, weka gurudumu la kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa, mtu wa pili abonyeze kitufe asikiachie. Mimi nilisaidiwa na mpwa wangu, naye alilalamika kidole. Simamisha gazeti mita moja mbele ya kamera, fungua f/2, fokasi kwa kipimaumbali, kisha tazama selotepu kwa lenzi ya kukuzia. Maandishi ya gazeti yatakuwa hapo, kichwa chini. Yakiwa makali, kazi imekwisha. Yasipokuwa makali na mbali kuko sawa, basi shida iko kwenye ule mkono wa ndani au kwenye lenzi yenyewe, na hapo mpelekee fundi wa kamera. Usiupinde mkono huo kwa koleo.

Gusa kichwa cha skrubu ya ndani kwa tone dogo la rangi ya kucha isilegee, rudisha ile ya kuziba, rudisha pete. Kioo cha ndani usikifute hata kikiwa na vumbi, maana utando wake unatoka pamoja na vumbi.

Roli ya kwanza baada ya hapo nilitandaza futi ya fundi cherehani mezani, ikielekea mbali nami, nikapiga kwa f/2 huku nimefokasi namba 75. Filamu iliposafishwa, 70 ilikuwa na ukungu, 80 ina ukungu, na mistari midogo ya 75 ningeweza kuihesabu.