Jinsi ya kufuata msimu wa Formula 3 ukiwa Nakuru, kwa kauntabuku na penseli

Kabla ya Machi, nunua kauntabuku, rula na penseli mbili. Ukivitumia vizuri utaujua msimu wa Formula 3 ya FIA (shirikisho la magari duniani), mbio zilizo ngazi mbili chini ya Formula 1, kuliko mtu anayetazama kila mbio na kuzisahau Jumatatu. Mimi ni fundi wa magari, gereji yetu iko upande wa kuelekea Njoro, na kila mwaka nachora daftari hili pamoja na vijana ninaowafundisha kazi. Hapa Nakuru ukitaja mbio za magari, watu wanafikiria Safari Rally na vumbi la Soysambu na Elmenteita. Rally naipenda sana. Lakini kule kila gari linakimbizana na saa peke yake, na kwenye Formula 3 magari 30 yanaachiliwa kwa pamoja, yote ya aina moja.

Hilo la aina moja ndilo la kushika kwanza. Bodi zote zinatoka kampuni ya Dallara, injini ni V6 (silinda sita) ya lita 3.4 ya kampuni ya Mecachrome, tairi ni Pirelli. Timu ziko 10, kila moja ina madereva watatu. Fundi wa timu anaruhusiwa kucheza na springi, mabawa, mlalo wa magurudumu na presha ya tairi, ila hawezi kwenda kujitengenezea injini yenye nguvu zaidi. Injini hiyo haina turbo, kwa hiyo inavuta hewa jinsi ilivyo. Mwenyeji wa Nakuru anayeteremka Mombasa kwa gari lake anajua injini inavyochangamka kule chini. Kwenye Formula 3 hata hewa ikiwa nyepesi, ni nyepesi kwa wote 30. Tofauti inayobaki ni ya dereva na watu wake.

Sasa chora. Ukurasa mmoja kwa kila raundi, yaani wikendi moja yenye kufuzu Ijumaa, mbio fupi Jumamosi na mbio kuu Jumapili; mwaka wa 2025 raundi zilikuwa 10, kuanzia Melbourne, Australia, hadi Monza, Italia. Usipange majina kwa pointi. Yapange kwa timu, watatu watatu, maana kipimo cha haki kuliko vyote ni mwenzake wa timu, anayetumia gari lile lile na mafundi wale wale. Kisha piga mistari ya kushuka: nafasi ya kufuzu, alipoanzia mbio fupi, alipomalizia, alipomalizia mbio kuu, pointi za raundi, na jumla.

Mstari wa kufuzu uandike kwa uangalifu kuliko mingine. Ijumaa wanapewa dakika 30 za kutafuta mzunguko wa kasi zaidi, na nafasi wanazopata ndizo zitakazopanga mbio zote mbili. Mbio kuu ya Jumapili inaanza kwa mpangilio huo huo. Mbio fupi ya Jumamosi inaanza kwa kuwageuza 12 wa kwanza: aliyefuzu wa 12 anakaa mbele kabisa, aliyefuzu wa kwanza anarudi nafasi ya 12. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea, na hapo ndipo daftari linapolipa.

Pointi ni hivi. Aliyeongoza kufuzu anapata 2. Mbio fupi inalipa 10 kwa mshindi, 9 kwa wa pili, na kushuka moja moja hadi wa kumi. Mbio kuu inalipa 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Aliyepiga mzunguko wa kasi zaidi anaongezewa 1 katika kila mbio, mradi amemaliza ndani ya kumi bora.

Piga mfano mwenyewe. Dereva wa kwanza ameongoza kufuzu (2), Jumamosi ameanza wa 12 akamaliza wa 8 (3), Jumapili amekuwa wa pili (18). Ana 23. Wa pili amefuzu wa 12, Jumamosi ameanza mbele akashinda (10), Jumapili amemaliza wa kumi (1). Ana 11. Picha ya Jumamosi itamwonyesha huyu wa pili jukwaani na kikombe, lakini hesabu inasema mwingine. Ndiyo maana mbio fupi naiandika kwa penseli nyepesi na mbio kuu naikoleza.

Mwaka wa 2024 kijana mmoja wa gereji aliniuliza, "Fundi, huyu Fornaroli mbona yuko juu na hajashinda hata mara moja?" Nikamwambia asome ukurasa wote bila kutafuta namba 1. Leonardo Fornaroli alikuwa anaokota pointi raundi baada ya raundi. Alitwaa ubingwa wa 2024 bila kushinda mbio hata moja, kisha 2025 akapanda Formula 2, ngazi inayofuata, na kuwa bingwa huko pia. Oscar Piastri naye alikuwa bingwa wa Formula 3 wa 2020 kwa mbio mbili tu alizoshinda, akimzidi Théo Pourchaire kwa pointi 3. Kwa hiyo pointi moja ya nafasi ya kumi usiipuuze, iandike.

Monaco ichorewe ukurasa tofauti. Barabara ni nyembamba, kwa hiyo madereva wanafuzu kwa makundi mawili, na nafasi zinagawanywa moja huku, moja kule. Aliye wa tano pale linganisha na wa kundi lake tu.

Saa nazo zinasumbua. Bahrain saa yao ni yetu. Raundi za Ulaya bara ongeza saa moja juu ya saa yao, Silverstone ya Uingereza ongeza mbili. Melbourne mwezi Machi wametutangulia kwa saa 8, hivyo mbio ya saa tatu asubuhi kwao ni saa saba usiku kwetu, usiku wa kuamkia Jumapili. Mbio kuu za Ulaya kwa kawaida zinaangukia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wakati wa ibada. Nenda kanisani. Matokeo yatakungoja, na kusoma jedwali kunakula bando kidogo sana.

Tena usikimbilie kalamu ya wino. Bendera ya kumaliza ikishapigwa, wasimamizi bado wanaweza kumwongezea mtu sekunde tano au kumfuta kabisa, na jedwali lote linasogea. Subiri hadi jioni.

Kuanzia raundi ya nane, andika pembeni 39. Hizo ndizo pointi nyingi kabisa ambazo dereva mmoja anaweza kuzoa katika raundi moja: 2, 10, 1, 25 na 1. Zidisha kwa raundi zilizobaki, linganisha na pengo, utajua nani bado yumo. Rafael Câmara alijihakikishia ubingwa wa 2025 pale Budapest, kabla hata ya Monza, raundi ya mwisho.

Baada ya raundi ya mwisho acha kurasa tupu mwishoni kwa wale wanaopanda Formula 2. Kule magari ni 22, Jumamosi wanageuzwa 10 badala ya 12, na Jumapili lazima kila mmoja aingie kubadilisha tairi, kwa hiyo ongeza mstari mmoja wa kushuka.