Kusuka Karatasi Kuukuu na Watoto: Kutoka Mkeka Mdogo Hadi Kikapu

Magazeti yaliyokwisha kusomwa, kalenda za mwaka uliopita na majarida ya zamani yanafaa sana kwa kumfundisha mtoto kusuka, kwani yakiharibika hakuna hasara, na mtoto anaweza kurudia mpaka mkono uzoee. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, aliuweka usukaji wa karatasi miongoni mwa kazi za mikono za wanafunzi wake.

Anzeni na mkeka mdogo. Chukua karatasi nzito kiasi, kama ile ya kalenda, uikunje katikati, kisha upige mstari wa penseli sentimita 2.5 kutoka kwenye ukingo ulio mkabala na mkunjo. Kata mipasuo iliyonyooka kuanzia kwenye mkunjo na uishie kwenye mstari huo, ukiacha sentimita 2 kati ya mpasuo na mpasuo. Watoto wengi huanzia upande usio na mkunjo, na karatasi ikikunjuliwa huwa imeachana pale ambapo ingepaswa kushikana. Kwa hiyo paka rangi kwenye mkunjo kabla ya kumpa mkasi, ambao ncha zake ziwe butu.

Tepe za karatasi hiyo ndizo mtande, na zile zitakazopitishwa kati yake ni mshindio. Mshindio ukatwe kwa upana uleule kutoka karatasi ya rangi iliyo tofauti kabisa. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa sababu mtoto huikagua kazi yake kwa macho, na rangi zinazokaribiana humficha kosa. Utepe wa kwanza upite juu ya mtande mmoja na chini ya unaofuata hadi mwisho. Wa pili uanze kwa kupita chini. Kila utepe usogezwe ubanane na uliotangulia kabla ya kuingiza mwingine. Iwapo tepe mbili zimefuata njia moja, zitateleza na kulala pamoja. Usikimbilie kumsahihisha, bali mwulize ni wapi rangi zimeacha kupishana, naye atapaona mwenyewe.

Ncha zibandikwe kwa gundi, ambayo inaweza kupikwa kwa kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vinne vya maji, vikikorogwa kwenye moto mdogo mpaka viwe vizito. Kazi ya jikoni ni ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 au 5 apewe tepe za sentimita 3 zilizokwisha kukatwa, na wa miaka 8 anaweza kujaribu za sentimita 1.

Mkeka ukishazoeleka, kikapu kinawezekana. Kata vipande 12 vya gazeti, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 38 na upana wa sentimita 8. Kunja kingo zote mbili za kila kipande zikutane katikati, kisha ukikunje tena, upate utepe wa sentimita 2 wenye tabaka nne, ambao ni imara ajabu kwa kitu kilichokuwa gazeti. Suka tepe 6 kwa 6 katikati ya urefu wake. Hicho ndicho kitako, chenye sentimita 12 kila upande. Ncha 24 zilizobaki zisimamishwe wima, nazo ziwe mtande wa kuta.

Kwa kuta, andaa tepe tano za sentimita 51, ukiunganisha vipande viwili kwa gundi pale gazeti lisipofika, na utie alama ya mkunjo kila baada ya sentimita 12 ili pembe zikae vizuri. Zungusha utepe mmoja baada ya mwingine na kufunga kila mzunguko kwa gundi. Kwa kuwa ncha ni 24, idadi shufwa, mpishano hautagongana kwenye kiungo. Anzia kila mzunguko upande mwingine ili viungo visirundikane mahali pamoja, na vibanio vya nguo vishikilie pembe gundi inapokauka. Mwishoni zitabaki sentimita 3 juu ya ukingo: ncha zilizo nje ya utepe wa mwisho zikunjwe kuelekea ndani na kubandikwa, zilizo ndani zikatwe sawa na ukingo. Kiache kikauke usiku kucha kabla mtoto hajaweka penseli zake.