Namna ya kuyatazama makazi ya magogo ya Joseph Bailly

Ukifika kwenye makazi ya Joseph Bailly, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya aliyehamia kando ya mto Little Calumet, jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1822, usianze na nyumba kubwa, kwa kuwa magogo yake yamefunikwa kwa mbao na hayaonekani kirahisi. Anza na majengo madogo ya magogo yaliyo jirani. Simama penye pembe ya ukuta, uangalie jinsi ncha za magogo zilivyochongwa zikaumana, kisha ufuate kwa macho lipu inayoziba nyufa kati ya gogo na gogo, tafadhali usiidonoe. Miguu ikiwa bado ina nguvu, shika njia ya msituni hadi makaburi ya familia, alikozikwa Bailly aliyefariki mwaka 1835.