Ardhioevu kwenye eneo la mradi: pima udongo na maji kwanza, ndipo ramani ichorwe

Ardhi ikipendekezwa kwa nyumba, barabara, mabwawa ya samaki au skimu ya umwagiliaji, watu huanza kwa kuuliza ni ekari ngapi zitachukuliwa. Kwa ardhioevu swali hilo linakuja mapema mno. La kujua kwanza ni maji yanaingilia wapi, yanakaa muda gani na yanatokea wapi. Kinamasi kinaweza kuachwa bila kuguswa na jembe na bado kikafa, kwa sababu tu mtaro uliochimbwa nje ya mpaka wake umekata maji yanayokilisha. Ndiyo maana tathmini inatakiwa ikamilike kabla mpimaji hajagawa viwanja. Viwanja vikishapata wenyewe, kila mita inayosogezwa ni mgogoro.

Mpaka husomwa udongoni

Kosa linaloharibu tathmini nyingi ni kukagua eneo wakati wa kiangazi, kukuta nyasi zimekauka na ardhi imepasuka, kisha kuandika kwamba hakuna ardhioevu. Ardhioevu nyingi ni za msimu: hushika maji kwa wiki kadhaa, halafu kwa muda uliobaki huonekana kama malisho ya kawaida. Nyingine ziko kwenye miteremko, pale maji ya chini yanapochuruzikia juu, na hazina mto wala ziwa jirani. Kabla ya kwenda, tafuta takwimu za mvua za miezi mitatu iliyotangulia uzilinganishe na wastani wa miaka mingi. Ukikuta maji baada ya mvua zisizo za kawaida, au ukavu baada ya ukame mrefu, andika hivyo kwenye ripoti.

Ushahidi ni wa aina tatu: maji, mimea na udongo. Mimea husaidia, lakini isomwe kwa uangalifu. Mafunjo, matete na yungiyungi hayana utata. Ndago inayosumbua mashambani huota pakavu pia, kwa hiyo kuiona peke yake hakuthibitishi chochote. Na shamba lililolimwa au kuchomwa halina tena mimea yake ya asili. Hapo tazama kingo za mitaro na pembe ambazo jembe halifiki.

Udongo ndio shahidi mzuri zaidi, kwa sababu hutunza alama za maji hata maji yenyewe yakiwa yameondoka. Anza sehemu kavu ya juu, ushuke kwa mstari ulionyooka hadi sehemu ya chini kabisa. Chimba shimo la sentimita 50 kila baada ya mita 10 hadi 20. Toa bonge kutoka ubavuni mwa shimo, ulivunje kwa mikono. Kisu husugua udongo na kuchanganya rangi. Kama ni kavu lilowanishe kidogo, kisha lisome kwenye mwanga wa jua, ukivua miwani ya giza.

Unachotafuta ni hiki. Udongo ukishiba maji hukosa hewa, na vijidudu vilivyomo huanza kutumia madini ya chuma badala ya oksijeni. Chuma hicho huyeyuka na kusogea na maji, udongo ukabaki wa kijivu, wakati mwingine wenye samawati au ukijani. Maji yakishuka hewa huingia kwenye nyufa na njia za mizizi, na chuma huganda tena kama madoa ya kutu. Kijivu chenye madoa ya kutu ndani ya sentimita 30 za juu ni dalili nzito. Vivyo hivyo harufu ya mayai yaliyooza, au tabaka nene jeusi la mboji yenye nyuzi ambayo ukiikamua hutoa maji ya kahawia. Rangi zilinganishwe na chati ya Munsell, yaani kitabu cha sampuli za rangi za udongo, maana kijivu cha mtu mmoja ni kahawia cha mwingine.

Kuna mitego miwili. Udongo uliotokana na mwamba wa kijivu unaweza kuwa wa kijivu bila kuwahi kukaa na maji. Na madoa ya kutu yanaweza kuwa ya zamani, ya enzi ambazo bonde lilikuwa na maji kuliko sasa. Ili kutofautisha, chunguza mizizi iliyo hai. Mimea inayostahimili maji hushusha hewa hadi mizizini, na hewa hiyo hugandisha chuma kandokando ya mzizi. Ukikuta ala nyembamba ya kutu imeuzunguka mzizi hai, maji hayo ni ya nyakati hizi. Angalia pia kingo za madoa: yale ambayo bado yanatengenezwa hufifia taratibu kuingia kwenye kijivu, ya zamani mara nyingi hukatika ghafla.

Mpaka uko kati ya shimo la mwisho lenye dalili na la kwanza lisilo nazo. Endelea kuchimba katikati yao hadi tofauti ibaki mita mbili au tatu, kisha weka kigingi na uchukue kwa GPS majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo. Rudia mstari mwingine kila mita 50, au karibu zaidi pale bonde linapopinda.

Maji yapimwe kwa msimu mzima

Pale mwendelezaji anapobisha, au udongo unapokuwa na utata, weka mabomba ya kupimia. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5 linatosha. Litoboe matundu membamba kuanzia sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi hadi mwisho, uzibe chini, ulizungushie mchanga safi, na sehemu ya juu ushindilie mfinyanzi. Bila kizibo hicho mvua itateremka kando ya bomba na utakuwa unapima maji ya mvua.

Kina ni jambo la kuamua kwa makini. Katika mabonde mengi maji hukaa juu ya tabaka la mfinyanzi mgumu. Ukilitoboa, maji huvuja chini kupitia shimo lako na bomba hukuonyesha ukavu usiokuwepo. Chimba kwanza shimo la majaribio, ujue tabaka hilo liko wapi, ndipo usimamishe bomba juu yake. Soma angalau mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi mvua zinapoanza. Pima kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye maji, kisha toa urefu wa bomba uliojitokeza juu ya ardhi. Wasiotoa urefu huo huripoti maji yaliyo chini kuliko ukweli. Maji yakikaa ndani ya sentimita 30 kutoka juu kwa wiki mbili mfululizo wakati mimea inakua, hapo hakuna tena ubishi wa maana.

Hesabu pia kitakachobadilika mradi ukijengwa. Mvua ya milimita 10 kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 100. Kwenye malisho sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Kwenye mabati na lami karibu yote hutiririka, tena kwa dakika chache. Kinamasi kilichozoea maji ya polepole hupokea mafuriko yenye mashapo, halafu kiangazi hukosa yale maji ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakikilisha. Madhara ni mawili, chanzo ni kimoja.

Kwenye tope la pwani na mikoko kuna hatari nyingine: udongo wenye salfaidi ya chuma, yaani madini ya chuma na salfa. Ukiwa chini ya maji hauna shida. Ukichimbwa na kupigwa na hewa hutoa asidi ya salfuriki inayoua samaki na kula zege na vyuma. Jaribio la awali ni kudondoshea kijiko cha udongo haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, ambayo pH yake (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) imerekebishwa kwanza hadi karibu 5. Vaa glavu na miwani ya kinga. Udongo ukichemka kwa nguvu na pH ikashuka chini ya 3, usichimbe kabla ya majibu ya maabara. Mboji nayo hutoa povu, kwa hiyo povu peke yake lisikutishe.

Kwenye mpango wa mradi

Utaratibu ni kuepuka, kisha kupunguza madhara, kisha kurejesha, na fidia, yaani kutengeneza ardhioevu nyingine badala ya iliyoharibiwa, iwe ya mwisho kabisa. Tunalisisitiza hili kwa sababu fidia ndiyo hukimbiliwa. Kinamasi cha kuchimbwa mahali pengine hushindwa mara nyingi kwa sababu moja: hakina chanzo cha maji cha uhakika. Asiyeweza kuonyesha vipimo vya maji vya mahali hapo papya hajatoa fidia yoyote.

Upana wa ukanda wa kinga kati ya ujenzi na ardhioevu uanzie pale sheria ya nchi inapotaka, kisha uongezwe penye mteremko mkali, udongo unaomomonyoka, au wanyama wanaozaliana nchi kavu jirani na maji. Uoto wa asili uachwe. Bustani ya nyasi zilizofyekwa haikamati mashapo ipasavyo.

Barabara ikilazimika kukatiza, kalavati (njia ya kupitishia maji chini ya barabara) moja kubwa katikati haitoshi, maana hubana maji yaliyokuwa yakitambaa bonde zima na kuyageuza mkondo unaochimba korongo. Weka kadhaa kwa upana wa bonde, na sakafu ya kila moja isizidi usawa wa ardhi ya asili. Ikiinuliwa hata sentimita 20, upande wa juu hugeuka bwawa na wa chini hukauka.

Uzio wa kuzuia tope ufuate kontua, yaani mstari wa ardhi yenye kimo kimoja, ncha zake zikipinda kuelekea juu. Kitambaa kifukiwe angalau sentimita 15; kisipofukiwa maji hupita chini yake na uzio unabaki pambo. Usiuweke kukatiza mkondo. Tope likifika theluthi moja ya kimo, liondolewe.

Mabomba ya kupimia yasing'olewe ujenzi ukiisha. Linganisha yaliyo upande wa juu wa barabara na yaliyo upande wa chini kwa misimu miwili ya mvua. Ya juu yakionyesha maji yamepanda na ya chini yameshuka kuliko vipimo vya kabla ya ujenzi, kalavati hazitoshi au zimeziba; zisafishwe, na ikibidi ziongezwe kabla ya mvua zinazofuata, mimea ya upande wa chini ikiwa bado hai.