Muhula wa maigizo: itunze sauti

Kwa wanafunzi wa Kenya walio kwenye maigizo na mashairi ya kughani, muhula wa kwanza hauna pumzi. Mashindano huanzia ngazi za chini, yakapanda hadi kanda, na fainali za kitaifa kwa kawaida huangukia Aprili. Inaniuma kuona watoto wenye vipaji wakifika huko sauti imewakauka.

Mnapopanga tu nani asimame wapi jukwaani, sema maneno yako kwa sauti ya mazungumzo. Nguvu kamili iache kwa zoezi moja la mwisho. Maji yanywe kidogo kidogo kutwa nzima; kuyabugia dakika tano kabla ya kupanda jukwaani hakusaidii. Sauti ikianza kukwaruza, nyamaza kabisa. Usinong'one, kwani kunong'ona kwa kukaza koo nako huchosha nyuzi za sauti, na hilo wengi hawalijui. Wiki ya mashindano ukienda kushangilia timu ya shule, piga makofi badala ya kupiga kelele.

Kuhusu masomo, kabla ya safari mwombe mwenzako mmoja akunakilie kila kipindi. Ukirudi, anza na hisabati, maana ndiyo hukuacha nyuma upesi.