SOMO: Kutumia vyambo vya besi wa Naivasha kuvulia gatini na ufukweni

Habari za leo wadau. Kuna ndugu waliniuliza kama vile vyambo bandia vya kuvulia samaki aitwaye besi (bass) ziwani vinafaa huku pwani ama ni kuviuza tu. Jamani msiuze. Mimi nimekaa Naivasha miaka sita kwa mashamba ya maua, kila wikendi niko ziwani, na niliporudi Malindi sikuwa na pesa ya vifaa vya bahari kwa hiyo nikarusha vilevile nilivyokuwa navyo na nikapata. Besi mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya hawa wavuvi wa rodi, ni samaki wa kuvizia, anajificha kwa majani akiona kitu kinayumbayumba anakivamia. Sasa chewa na tembo (samaki wa mwamba huyo, si ndovu) si ndio tabia yao hiyo kwenye mawe? Samaki karambisi naye ni hivyohivyo ila yeye ni wa mbio. Bahari haikatai chambo chako, inakataa chuma chako.

Hatua ya 1: Chambua kisanduku.
Chukua visamaki vya mpira vyenye mkia unaopiga, urefu sentimita 8 hadi 12, chukua popa (chambo kinachoelea na kupiga maji juu ukivuta), vijiko (vipande vya chuma vinavyong'aa), na wale samaki wa plastiki wenye kokoto ndani wanaolia ukivuta. Nyungunyungu warefu wa mpira waache, samaki wadogo wa mwamba watawadonoa mpaka wanaisha. Samaki wa plastiki wenye ulimi mkubwa mbele, unaowazamisha ukivuta, ni wa gatini tu penye kina, ufukweni wanachimba mchanga.

Hatua ya 2: Badilisha ndoana na pete.
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ndoana za maji baridi ni nyembamba, karambisi wa kilo mbili tu anazinyoosha kama waya wa hanga, na hata asiponyoosha chumvi itazimaliza siku chache. Weka ndoana nene zaidi za baharini pamoja na zile pete zinazoishika, lakini ukishabadilisha jaribu kwanza kwa maji madogo uone kama chambo bado kinaelea na kinayumba, maana popa ukiipa ndoana nzito inazama mkia na haipigi tena maji. Ikiwa hivyo shuka saizi moja.

Hatua ya 3: Uzito.
Kichwa cha madini ya risasi cha gramu 7 ulichozoea ziwani, upepo wa kusi utakurudishia miguuni. Ufukweni panda gramu 20 mpaka 28. Gatini 10 hadi 14 inatosha, hasa maji yakiwa mafu, yaani yasipojaa na kupwa sana.

Hatua ya 4: Uzi.
Uzi wa kusuka paundi 20 au 30, halafu mbele mita moja hivi ya nailoni nene paundi 40 kwa sababu nguzo za gati zina magamba yanakata kama msumeno. Waya usiweke mapema, samaki wengi wanauona wanaogopa. Ngoja mpaka mzia, yule samaki wa meno makali, akukatie chambo kimoja ndio ufunge kipande kifupi.

Hatua ya 5: Soma maji.
Ziwani hakuna kujaa na kupwa, kwa hiyo hili ndilo somo jipya kabisa kwako na mimi lilinigharimu wiki nyingi nikirusha kwenye maji matupu. Huku wakati wa bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji inaweza kukaribia mita 4! Nenda kwanza maji yakiwa yamekupwa bila rodi, tembea, angalia mashimo na mifereji iko wapi ukilinganisha na mnazi au nyumba fulani, kisha urudi saa mbili za mwisho za maji kujaa na ukae mpaka yaanze kutoka. Hiyo ikiangukia alfajiri, usilale.

Hatua ya 6: Kuvuta.
Besi unamvutia polepole unasimama unavuta. Karambisi ukimfanyia hivyo anakuja anaangalia anaondoka, vuta haraka mpaka mkono uchoke. Chewa ndiye wa polepole, mrushie chini umrukishe chambo. Gatini usirushe mbali, pitisha sambamba na nguzo kwenye kivuli, na usiku kama kuna taa samaki mkubwa anakaa pale mwanga unapokutana na giza. Mto Sabaki ukileta maji ya udongo, hasa kaskazi ikiyasukuma upande wa Malindi, wale wa kokoto wanaolia ndio wakati wao.

Hatua ya 7: Suuza kila kitu kwa maji matamu, kausha. Chambo kimoja kilicholowa ukikirudisha kisandukuni kinatia kutu vyote.

MASWALI

Mdau wa Kilifi: Kaka, mkia wa mpira unakatwa safi kama kwa wembe na samaki simuoni, ni nini?
Jibu: Huyo ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Hama hatua ishirini au weka kijiko. Akinasa usimtie kidole mdomoni, na usimle, ana sumu ya kuua.

Mdau wa Tanga: Rili yangu (kile kigurudumu cha uzi) ni ya ziwani, itadumu?
Jibu: Itadumu ukiitunza mkuu. Usiiweke mchangani hata dakika moja, usiizamishe, ipanguse na kitambaa chenye maji matamu na uitie grisi mara kwa mara.

Mdau wa Mombasa: Nilimpata tembo mzuri gatini, nikamnyanyua na uzi ukakatika. Nililia.
Jibu: Pole sana dada yangu. Usinyanyue kwa rodi. Tafuta wavu wa duara uufunge kamba, mwenzako aushushe mpaka majini, samaki achoke kwanza ndio aingizwe.

Mdau wa Watamu: Huku kwetu naweza kurusha popote?
Jibu: Hapana. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zipo tangu 1968 na ndani ya ile hifadhi yenyewe (marine park) kuvua ni marufuku. Ongea na BMU ya hapo, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wakuonyeshe mpaka, na habari ya leseni waulize haohao.

Mdau wa Lamu: Na rangi?
Jibu: Maji safi, nyeupe au fedha kama visamaki vya simsim. Maji ya udongo, nyeusi au njano kali. Ile ya kijani cha majani niliyoitegemea Naivasha nimeirusha mwaka mzima huku haijanipa hata mmoja.