Jinsi ya kuendesha usiku wa vitendawili na chemsha bongo mpaka watu wagome kulala

Kama mna wageni nyumbani, au umeme umekatika, au ukoo mzima umekutana kwa sikukuu halafu kila mtu kainamia simu yake, huu mchezo ndio dawa, hautaki hela wala vifaa, unataka maswali mazuri na mtu mmoja wa kuyaendesha. Shida ni kwamba wengi wanadhani kuuliza maswali ni kuuliza tu, unafungua simu, unasoma swali, kimya, mtu anajibu, swali lingine, na muda si mrefu umebaki na watu wawili watatu wanaojibu kila kitu na wengine wote wamesharudi kwenye TikTok. Mimi naamini kabisa wazee wetu walishaimaliza hii kazi zamani, kanuni zote za kuendesha mchezo zimo ndani ya kitendawili, na ukizifuata hata maswali ya kisasa yatanoga.

Angalia kitendawili kinavyokwenda. Mtegaji anasema "Kitendawili!", watu wote wanaitikia "Tega!", yaani hata swali halijatoka lakini kila mtu ameshafungua mdomo na yumo mchezoni, hata yule mjomba aliyekuwa anasinzia. Kisha watu wanabahatisha, na kubahatisha vibaya ni halali, hakuna aibu. Wakishindwa wanaambiwa "nipeni mji", wanampa mji, na yeye anauchukua na kusafiri nao: "Haya, Tanga nimeipata, nikashuka stendi, wenyeji wakanipokea kwa wali wa nazi na samaki, nikala nikalala, asubuhi nikawaambia jamani kule kwetu kuna watu wameshindwa kitu kidogo tu, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaniambia kawaambie jibu ni kioo!" Umeona hapo? Walioshindwa wamelipa, na malipo yenyewe ndiyo burudani. Hapo kwenye mji usiparuke hata kidogo. Siku hizi watu wakishindwa wanatajiwa jibu papo hapo na ndio maana mchezo unapoa haraka, maana ukipewa jibu bure hukumbuki hata swali lilikuwa nini.

Kwahiyo la kwanza, maswali yote, hata ya jiografia, yaanze na kuitikiwa na yaishe na mji. Ukimuuliza mtu sayari gani siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake, akashindwa, mwombe mji, nenda nao Bukoba au Lamu, zunguka kidogo, halafu ndio useme Zuhura, inajizungusha yenyewe mara moja kwa takriban siku 243 za huku kwetu lakini kulizunguka jua inatumia siku kama 225 tu. Kama huwezi kusimulia, mpe kazi hiyo mwenye mdomo, kila familia ina shangazi mmoja wa hivyo.

La pili ni makundi. Usiwaache watu wachague wenyewe, watakaa vijana peke yao na wazee peke yao. Changanya umri, kila timu iwe na mtoto, kijana na mtu mzima, sababu nitaieleza mbele. Na kama kuna mashemeji, au watani wa kabila, basi umepata utajiri, weka upande wa bwana dhidi ya upande wa bibi, Wasukuma dhidi ya Wazaramo, utani utafanya nusu ya kazi yako. Ila wakwe waheshimuni. Mkwe mpe kiti cha uamuzi, awe jaji, ashike pointi, usimweke mahali ambapo atapewa adhabu ya kucheza mbele ya mkamwana wake. Na vile vitendawili vyenye maana mbili mbili za chumbani, mnavijua, vibaki kwa watu wa rika moja.

Sasa anza na vyepesi. Raundi ya kwanza kazi yake ni kumpa kila mtu ladha ya kupata, haswa watoto, wakipata kimoja hawalali tena. Hivi vinatosha kuwashia moto:

Nyumba yangu haina mlango. (Yai.)
Nyumba yangu ina nguzo moja. (Uyoga.)
Kila niendapo ananifuata. (Kivuli.)
Ana meno lakini haumi. (Kitana.)
Popoo mbili zavuka mto. (Macho.)
Bomu la machozi baridini. (Kitunguu.)
Wazungu wawili wanachungulia dirishani. (Kamasi, na hapa watoto watacheka mpaka chini.)

Wakishachangamka panda kidogo. "Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana", hii ni milango, ile ya mbao mbili, mchana imeachana usiku imefungwa, watoto wa mjini waliozoea mlango wa bao moja watahangaika na mtu mzima ndiye atakayewaokoa. "Shamba langu kubwa lakini mavuno hayajai kiganja", ni nywele. "Kuku wangu katagia miibani", nanasi. "Huku ng'o na kule ng'o", giza. Ukiona kimetolewa jibu lingine ambalo nalo linaingia, mfano mtu kasema kwenye "kila niendapo ananifuata" jibu ni deni, mpe pointi nusu na kelele za pongezi. Mimi naona huyo anastahili kabisa, kajenga picha mwenyewe, na ukimkatalia kwa sababu kitabu kimesema kivuli utawafundisha wengine wakae kimya.

Tuje kwenye maswali ya ujuzi wa jumla, na hapa ndipo panapohitaji akili zaidi maana ndipo watu wengi wanaharibu. Swali baya liko la aina mbili, lile ambalo kila mtu analijua na lile ambalo hakuna anayelijua. Mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi? Swali limekufa hata halijamaliza kutoka. Lakini sema hivi: Kilimanjaro ina vilele vitatu, Kibo tunakijua wote, taja viwili vilivyobaki. Sasa watu wanakuna vichwa, mmoja anapata Mawenzi, Shira inawatoroka, mtu anasema "ninayo mdomoni ninayo mdomoni", hapo ndipo unapopataka. Swali tamu ni lile ambalo mtu anajua nusu yake, anakaribia, na jibu likitoka anajipiga paji la uso.

Ninalolipenda kuliko yote ni la Ziwa Tanganyika. Waambie linagusa nchi nne, wazitaje. Tanzania itatoka haraka, Kongo, Burundi, halafu watakwama hapo na nakuhakikishia timu moja itasema Rwanda kwa sauti kubwa sana. Ni Zambia, kule chini kusini. Halafu unaongezea juu yake, ni ziwa la pili kwa kina duniani, la kwanza liko nje ya Afrika, linaitwaje? Baikal, la Urusi. Swali moja limezaa lingine, na watoto wameondoka na ramani kichwani bila kujua wamefundishwa.

Mengine ya namna hiyo, chukua uyatumie. Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa wapi? Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, kati ya Waingereza na watu wa Sultani Khalid bin Barghash, havikufika hata saa moja. Madini gani yanachimbwa sehemu moja tu duniani? Tanzanaiti, Mirerani kule Simanjiro. Pweza ana mioyo mingapi? Mitatu. Nani ana mifupa mingi shingoni, twiga au shemeji? Sawasawa, saba kwa saba, na hili ukiliuliza mtazame shemeji mwenyewe usoni. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobeli ya amani? Wangari Maathai wa Kenya, mwaka 2004. Na mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya fasihi 2021? Abdulrazak Gurnah.

Ile sababu ya kuchanganya umri sasa. Uliza hivi: Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 Tanzania ilirudi na medali mbili za fedha, za nani na nani? Vijana wote kimya, na hapo babu aliyekuwa anaangalia tu atajisogeza kwenye kiti aseme Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui, mita 5,000, na atakuambia na redio aliyosikilizia. Kila mtu pale anatakiwa awe na swali lake moja ambalo ni yeye tu anayeweza kuliokoa kundi. Kabla hujaanza wapitie watu kichwani, nani anajua mpira, nani anajua mapishi, nani kasoma biolojia, dogo yupi anapenda wanyama, halafu andaa kimoja kwa kila mmoja bila kuwaambia. Ukifanya hili moja tu hata mengine ukisahau usiku wako utaenda vizuri.

Tahadhari kubwa ni maswali yenye majibu mawili, yanaleta ugomvi wa kweli. Afrika ina nchi ngapi? Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka Afrika, Umoja wa Afrika una 55 kwa sababu ya Sahara Magharibi, kwahiyo sema kabisa unahesabu ya nani. Mtu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili? Wote watasema Eliud Kipchoge, Vienna 2019, saa 1:59:40, ni kweli alikimbia, ila ile haikuingizwa kwenye rekodi rasmi, na ukiuliza "rekodi" badala ya "alikimbia" kuna mtu atakukalia kooni mpaka asubuhi. Halafu kuna majibu yanayooza kama nyanya, Jumuiya ya Afrika Mashariki wengine bado wanahesabu nchi tano, wakati Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, zimefika 8. Mji mkuu wa Burundi nao watu watakuambia Bujumbura, serikali ilishauhamishia Gitega. Kila swali la namba za nchi, marais na rekodi lipitie tena siku ile ile ya mchezo.

Katikati nguvu zikishuka, na zitashuka, watu wamekula wameshiba, tupia ya mtego ya haraka haraka, hapo usiombe mji, twende kwa kasi. Mama yake Juma ana watoto wanne, wa kwanza Januari, wa pili Februari, wa tatu Machi, wa nne anaitwa nani? Ndege imeanguka mpakani mwa Kenya na Tanzania, majeruhi wazikwe wapi? Uko kwenye mbio umempita aliyekuwa wa pili, sasa wewe ni wa ngapi? Mwezi gani una siku 28? (Juma, majeruhi hawazikwi, wa pili, yote.) Siri ya haya ni kusoma haraka na uso mkavu, ukicheka kabla yao umeuza mchezo.

Na kama kundi linapenda kufikiri, wape fumbo moja refu waliachie likichemka pembeni wakati mnaendelea. Lile la chui, mbuzi na majani halijazeeka: mtu ana mtumbwi unaobeba yeye na kitu kimoja tu, akimwacha chui na mbuzi mbuzi analiwa, akimwacha mbuzi na majani majani yanaliwa, avushe vipi? Usitumie maneno, weka vijiko vitatu mezani na kamba iwe mto, watu wavushe kwa mikono, utaona hata waliojifanya wamechoka wanasogea. Anavuka na mbuzi, anarudi mtupu, anavuka na chui, anarudi na mbuzi (hapa ndipo wote wanapokwama, hakuna anayefikiria kurudisha kitu), anavuka na majani, anarudi mtupu, anamalizia na mbuzi.

Simu zote kwenye kapu moja kabla ya kuanza, za wakubwa na za wadogo, aliyekamatwa anagugo timu yake inapoteza pointi mbili. Pointi ziandikwe mahali zinapoonekana, ubao, karatasi ukutani, hata mkaa kwenye boksi. Adhabu ziwe nyepesi na zenye faida kwa wote, timu iliyoshindwa inaosha vyombo, au inaimba wimbo wa shule ya msingi wakiwa wamesimama. Msimpe mtu adhabu inayomdhalilisha kwa mwili wake au kwa hali yake, hata kama amecheka mwenyewe.

Mkitoka sare uliza swali la namba, anayekaribia ndiye mshindi, kila timu iandike jibu moja kwa siri. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita ngapi? Ni kama 1,470, na majibu utakayoyapata yataanzia mita mia na kwenda hadi elfu kumi, yasome yote kwa sauti moja baada ya jingine kabla hujasema la kweli. Halafu funga hapo hapo wakati bado kuna watu wanadai liongezwe moja tu, na mkabidhi kapu la maswali mtu kutoka timu iliyoshindwa, yeye ndiye ataandaa ya mara ijayo.